Wauza miche, tuambieni jina la mti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloninyima usingizi tangu mwezi uliopita.

Mjukuu wangu wa miaka minne aliletwa nyumbani kutoka kituo cha kulelea watoto akiwa amelegea, anatapika na kuharisha, analia kwamba koo linamwaka. Wenzake watatu walikuwa hivyohivyo. Walezi walidhani ni uji. Mpaka mtoto mmoja alipofungua kiganja tukaona mbegu nyeusi, ukubwa wa karanga. Mbono kaburi! Uzio mzima wa kituo kile ni mbono.

Pale nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka kumtia kidole kooni atapike zaidi, mwingine alikimbilia maziwa. Muuguzi alitukanya baadaye: mtoto aliyekula mmea wa sumu asilazimishwe kutapika, awahishwe hospitali, na mzazi aje na mbegu au tawi lenyewe ili daktari ajue anatibu nini. Walitundikiwa dripu, na asubuhi wote wanne wakaomba chai. Alhamdulillahi.

Sisi tuliokulia huku Tanga tuliujua mti ule kabla ya kujua kusoma. Ulipandwa makaburini, na jina lake peke yake lilitosha kututisha. Bibi alituambia wazi kwamba mbegu zake ni tamu kama karanga, na utamu huo ndio mtego, maana mtoto haishii moja. Kisha miaka ya 2000 ukaja wakati wa kuunadi mbono kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea mitambo, ukapandwa mipakani kila mahali. Waliohamia baadaye wameukuta kama uzio tu. Hakuna aliyewaambia neno.

Hilo ndilo linalonifanya niwageukie wauza miche wa barabarani. Wiki iliyopita nilipita kwao nikiuliza, huu unaitwaje? Jibu lilikuwa moja: "Hilo ni ua la ndani, mama." Ule mwingine? "Hilo ni ua la nje." Mmea hata usiochanua maisha yake yote, nao ni ua! Lile la majani mapana yenye mabaka meupe, linalopendwa sana sebuleni, lina jina, Dieffenbachia, na ndani ya majani yake mna chembe kali mfano wa sindano. Mtoto akilitafuna, ulimi na midomo huvimba, mate humchuruzika, anashindwa hata kumeza. Na ule mti wa majani membamba na maua ya manjano kama kengele, ambao watu wanaufanya uzio, mbegu zake huvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Niliuziwa mche wake bila onyo lolote. Nimeurudisha.

Wanaofuga paka nao wajue kwamba yungiyungi la kwenye shada la harusi, lile liitwalo "lily" kwa Kiingereza na si lile la majini, humharibu paka figo. Hahitaji kulila, akilamba chavua iliyomdondokea manyoyani inatosha.

Sisemi tukate kila kitu. Minyaa inalinda zizi vizuri kuliko waya, na anayeijua hujiepusha na utomvu wake, na ukimrukia jichoni huosha kwa maji mengi papo hapo na kwenda hospitali. Mbarika nao una kazi zake, ingawa mbegu zake nzuri kama shanga zina sumu kali mno zikitafunwa. Anayeujua mti huishi nao. Ninachoomba ni kijikaratasi kwenye kila kifuko cha mche: jina lake, na kama una sumu, iandikwe hivyo. Na maofisa wa halmashauri wanaokuja kukagua vyoo na majiko ya vituo vya watoto, wazunguke na uzio pia, wakiwa na mtu anayeijua miti.

Kituo chetu kimeanza kung'oa. Umebaki upande wa barabarani, hatua kama ishirini hivi, na watoto wanarudi Jumatatu. Wazazi wenzangu wenye majembe, tukutane pale Jumamosi saa moja asubuhi.

Bibi wa wajukuu watano,
Tanga