Usiondoke Iringa jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa goti la mama yako limeanza tena na baridi hii. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ukishasema "nimekuelewa baba" unakata. Hilo gari la mzee wa Mufindi, lenye taa za mbele zinazofumba zenyewe, usiondoke nalo jioni kuja Mbeya. Kama mwenyewe ana haraka ya harusi, apande basi.

Picha nimeziangalia. Ni Lotus Elan kweli, gari dogo la Kiingereza ambalo taa zake za mbele zinanyanyuka zikiwashwa na kulala zikizimwa, na huyo mwenzako anayetaka kufumua nyaya mwambie atulie. Taa zake hazinyanyuliwi na mota. Injini inanyonya hewa kupitia manifoldi, yaani bomba lake la kuingizia hewa, na mvuto huo, ndiyo vakyumu, unapita kwenye valvu ya njia moja, unatunzwa kwenye tangi, kisha swichi ya dashibodi inaupeleka kwenye diaframu, zile ngozi za mpira zinazosukuma taa. Tangi usilitafute mbali: ni boriti la mbele la chesisi lenyewe. Waingereza wale walibana uzito mpaka boriti wakalipa kazi mbili. Bodi ni faiba, haiozi, kwa hiyo watu husahau kwamba chini yake kuna chuma. Na gari limelala kwenye unyevu wa mashamba ya chai. Mimi ningeanza kushuku hapo, ingawa mipira ya kupitishia vakyumu, kama imekakamaa, ni rahisi kuangalia kwanza.

Umesema ukizima injini taa zinashuka kabla hujafunga mlango. Basi ni mfumo wa mwanzo: vakyumu inanyanyua, springi inavuta chini, ikivuja taa zinafumba. Baadaye waligeuza, springi ndiyo ikawa inanyanyua, vakyumu ikiisha taa zinabaki wazi. Sijui kwa nini hawakuanza hivyo.

Chukua pampu ya mkono ya kuvuta vakyumu, yenye geji, uitenge kila sehemu. Tangi peke yake, matundu mengine yakiwa yamezibwa: vuta, acha, tazama mshale. Ukishuka, boriti limetoboka. Ukitulia, nenda kwenye swichi, halafu diaframu moja moja. Valvu ya njia moja ipulize kwa mdomo. Hewa ipite kuelekea injini tu, ikipita na kurudi upande wa tangi, itupe. Na usipake povu la sabuni wakati vakyumu imo. Tundu litalimeza povu, hutaona kitu, utasema pazima. Kama unataka sabuni, tia upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, kwenye tangi tu. Diaframu ukizijaza upepo zitapasuka, na Mbeya nzima huzipati.

Jingine, geji isikutishe. Kila mita 300 unazopanda, injini ileile inapoteza karibu inchi 1 ya zebaki ya vakyumu kwenye geji. Inayosoma 18 Dar es Salaam itasoma kama 13 hapo Iringa, na ni nzima. Ila ndiyo maana uvujaji mdogo ambao mtu wa pwani hata hautambui, huku juu unafunga taa.

Sasa nisikilize. Utajaribu gari mjini, taa zitasimama, utafurahi. Ukishuka mlima umeachia mafuta, vakyumu inakuwa nyingi, taa zitasimama vilevile. Shida ni kupanda. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, vakyumu kwenye manifoldi inakaribia kuisha, na linalobaki kushikilia taa ni tangi peke yake. Kutoka Igurusi kuja Inyala unapanda, mbele yako kuna lori la Tunduma linatambaa, unatoka ulipite, unakanyaga. Hapo hapo taa zinafumba. Uko upande usio wako, ukungu, gizani. Mguu ukiuinua zitarudi, lakini nani atakuwa na nafasi ya kuinua mguu?

Kwa hiyo ondoka asubuhi. Hata ukishatengeneza, ondoka asubuhi. Na chonga vipande viwili vya ubao vya kukingia chini ya taa zisianguke, uvifunge kwa waya, uviweke garini. Usione haya; aibu ya ubao si kitu.

Mama yako anawasomea majirani ujumbe wako kwamba gari la Mwingereza umepewa wewe, si wale wanaume wa gereji. Mimi nakaa kimya, lakini nasikia. Yale ya uhasibu tuyaache. Ila wewe nawe una tabia ya kuahidi siku kabla hujafungua boneti. Tabia hiyo si yangu, ni ya wajomba zako.

Viazi tumevuna vizuri, bei ndiyo mbaya. Madalali bado wanataka lumbesa, gunia la kujaza kupita mdomo, na mimi nimekataa, magunia yako stoo. Mdogo wako amerudishwa kwa ajili ya mchango wa shule, kama mzee amekulipa nusu, tuma chochote. Mipira ya vakyumu ukiikosa huko nitatembea Sido Mwanjelwa nikuulizie, nipe kipenyo cha ndani, usinipe cha nje kama mara ile. Na ulanzi, pombe ya mianzi, ukija nao usiufunge kizibo kwa nguvu, utapasukia kwenye viti vya watu.

Nijibu utaondoka saa ngapi. Nataka saa, si "asubuhi asubuhi".

Baba yako,
Uyole