Kwa nini ankara yetu ina mstari wa "ruhusa za picha"

Mteja mmoja aliweka ankara yetu juu ya kaunta, akagandisha kidole kwenye mstari wa nne, akauliza kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa nje wakisubiri fotokopi: "Dada, hii sitini elfu ya ruhusa za picha ni ya nini? Picha nimepiga mwenyewe kwa simu yangu, na jarida lenyewe ni la bure!" Kisha akaongeza kwamba sisi watu wa steshenari tumeanza kuwafanyia wasomi kangomba.

Kwa mtu wa Mtwara hilo si neno dogo. Kangomba ni kumpimia mkulima korosho zake kwa bakuli lako, pembeni, umpe hela kidogo wakati mnada haujafunguliwa. Nilimjibu vibaya, hapo nakiri. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kumalizwa kwa hasira pale kaunta, na swali lake naulizwa karibu kila mwezi tangu tulipoacha kuchapa na kujalidi tasnifu peke yake tukaanza kuandaa miswada ya majarida ya sanaa. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia.

Tuanze na hiyo "bure". Jarida huria ni la bure kwa msomaji. Ndivyo lilivyotaka Azimio la Budapest la 2002: makala za kitaaluma ziwe kwenye intaneti, mtu azisome, azipakue, azinakili na kuzisambaza bila kulipa, na mwandishi atambuliwe. Upande wa mwandishi ndiko mambo yanakotofautiana. Yapo majarida yanayotoza ada ya uchapishaji na yapo yasiyotoza hata senti, hasa haya ya sanaa yanayobebwa na vyuo. Sisi kila jarida tunaanza kwa kulitafuta kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Humo utaona linatoza nini, linatumia leseni gani na linahakiki makala kwa utaratibu upi. Ni kazi ya dakika kumi na hatuitozi. Wanaoiruka ndio wanaotuletea barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapa ndani ya siku tatu ukishatuma dola. Mwaka jana tulimwahi mama mmoja kutoka Lindi akiwa na fomu ya benki mkononi. ISSN ya jarida lile, yaani namba yake ya utambulisho, tulipoikagua, ilikuwa ya jarida la tiba ya mifugo. Yeye aliandika juu ya ushairi wa harusini.

Sasa leseni, maana ugomvi wote unatoka hapo.

Jarida la mteja wangu linachapa kila kitu kwa leseni ya Creative Commons, ile iitwayo CC BY. Hakimiliki inabaki kwa mwandishi; wengi wakifika kwenye sentensi hiyo wanafurahi, wanafunga ukurasa. Sentensi zinazofuata zinasema mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuichukua kazi yako, kuikata, kuibadilisha, hata kuiuza, ilimradi akutaje. Ukiona hiyo imezidi, kuna leseni yenye NC inayozuia biashara, na yenye ND inayozuia kusambaza kazi iliyobadilishwa. Lakini kila jarida limeshaamua linapokea ipi. Na leseni ukishaitoa hairudi. Aliyeichukua kazi leo ataendelea kuitumia hata ukijuta kesho ukaiondoa.

Maneno yako ni yako, yagawe utakavyo. Picha ya kinyago ina watu wawili ndani yake: aliyepiga picha na aliyechonga. Kubonyeza simu kumekupa haki juu ya picha, kinyago hakijawa chako. Ukiiweka kwenye CC BY bila kumwuliza fundi, umegawa mali ya watu. Kesho mwenye kiwanda cha fulana ataichapa, atasema leseni imemruhusu, na jina atakaloandika pale chini ni lako, wakati mzee aliyekaa na gogo la mpingo miezi minne hata hajui.

Hapo ndipo mteja huniambia, "Lakini ni sanaa ya asili, haina mwenyewe." Inaye. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. George Lilanga, mchoraji na mchongaji, mwana wa kusini huku huku, alifariki 2005; hesabu mwenyewe, ni hadi 2055. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake, alifariki 1972, kwa hiyo kwa hesabu ya sheria yetu kazi za mkono wake zilitoka kwenye ulinzi mwaka 2022 ulipokwisha. Nasema za mkono wake. Wapo wateja waliosikia hivyo wakadhani kila chui mwenye madoadoa anayeuzwa Dar es Salaam sasa ni ruksa. Waliowachora wengi wako hai na wana familia za kulisha.

Na picha za kale zina mambo yake. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akipiga picha, alifariki 1926. Hakimiliki yake imekwisha zamani. Lakini jarida halipokei picha uliyoikwapua kwenye intaneti ikiwa na ukungu. Linataka faili safi na jina la makumbusho yanayotunza picha, na makumbusho yana fomu zake, mengine na ada zake. Barua pepe moja nilisubiri jibu wiki tano. Hizo wiki tano mteja haoni chochote, anadhani nimelala.

Nirudi kwa mteja wangu wa kangomba. Makala yake ilikuwa juu ya mapiko, ngoma ya Wamakonde inayochezwa na mtu aliyevaa kinyago, na kinyago kimoja huitwa lipiko. Ni makala nzuri, nisimwonee. Alikuwa na picha nne kutoka kijiji kimoja cha Newala. Mbili za ngoma yenyewe uwanjani, moja ya fundi akichonga ule mti mwepesi, na ya nne kijana anavaa lipiko, uso wake bado unaonekana nusu. Aliniambia ruhusa anayo: alimwachia mzee elfu kumi na kilo mbili za sukari, na mzee akasema piga.

Nilimtuma kijana wetu Newala na fomu za Kiswahili, kwa sababu fomu ya jarida ilikuwa ya Kiingereza na mzee hawezi kusaini asichokielewa. Mimi nikawa hewani, simu imewekwa sauti ya nje. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, habari za mvua. Picha za ngoma hakuwa na neno nazo. Ya fundi, fundi mwenyewe alikuwapo, akataka tu jina lake liandikwe kamili na la baba yake. Tulipofika ya nne mzee akauliza kitabu hicho watakisoma akina nani. Nikamwambia si kitabu, babu, kitakuwa kwenye simu, mtu yeyote mwenye bando. "Na wanawake?" Na wanawake. Kimya. Kisha: "Wewe umeiona?" Nikasema nimeiona, babu, ndiyo kazi yangu. Akasema, "Basi iishie kwako."

Ajuaye mapiko ameshaelewa. Wanawake hucheza nalo na kulikimbia uwanjani. Mtu aliye ndani ndiyo siri, na mahali pa kulivalia hawafiki. Mzee alipomwambia mwalimu, yaani huyo mteja wangu, "piga" aliruhusu picha iingie kwenye simu ya mwanamume mmoja aliyepita jando. Hakuruhusu dunia nzima. Enzi za jarida la karatasi, nakala zikikaa kwenye kabati la maktaba ya Ulaya, pengine lisingetokea lolote. Jarida huria linafunguka kwenye simu ya binti wa huyo kijana wa pichani, pale pale kijijini.

Sitini elfu ndiyo hiyo. Nauli ya kwenda na kurudi kwa njia ya Tandahimba, bodaboda ya kuingia ndani, kutwa nzima ya kijana wangu, fomu, muda wa maongezi, na barua kwa mhariri. Maana tulimwandikia mhariri pia: picha mbili za ngoma zikae nje ya leseni, chini yake paandikwe kwamba haki zote zimehifadhiwa na kwamba CC BY ya makala haizihusu. Majarida mengi yanakubali hilo ukiomba mapema. Ukiomba wakati kurasa zimeshapangwa, mhariri anakuona msumbufu, na ana haki.

Njia ya mkato naijua, nimeiona zaidi ya mara moja: unasaini mwenyewe kwa niaba ya fundi. Bwana mmoja alikataa mstari huu kwenye ankara, tukamfutia, tukamwandikia karatasi kwamba suala la ruhusa ni lake. Makala ikatoka. Miezi mitatu baadaye mtoto wa mchongaji, anayefanya kazi mjini, akaiona, akaandika kwa mhariri akiambatanisha saini halisi ya baba yake. Majarida ya maana mengi hufuata mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza Uingereza 1997, na kwa mwongozo huo hawafuti kimya kimya. Waliziondoa picha, wakabandika tangazo la marekebisho juu ya makala, tangazo lisilobanduka. Bwana yule alirudi kwetu tumwandikie barua za kuomba radhi, tumtafutie picha nyingine, tupange upya. Alilipa laki moja na themanini. Sikufurahia, ingawa siwezi kusema sikukumbuka ile karatasi aliyoisaini.

Mikato mingine ni midogo. Picha kutumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ikanywea mpaka haifai kuchapwa upana wa ukurasa kwa nukta 300 kwa inchi. Itume kama dokyumenti, au leta flashi. Kuacha jina lako kwenye sifa za faili wakati wahakiki hawatakiwi kukujua, au kuandika "kama nilivyoonyesha katika makala yangu ya 2019". Kupeleka mswada mmoja majarida mawili kwa wakati mmoja, ukidhani unaongeza bahati: wahakiki wa sanaa za Afrika Mashariki ni wachache, na mteja wetu mmoja makala yake ilimfikia mhakiki yule yule kwa milango miwili. Ilikataliwa kote kote siku moja. Halafu kuna aliyeona lipiko lake limekatika sikio pichani, akaliongezea sikio kwa programu ya akili unde. Lilipendeza. Mhariri aliomba picha ya asili, na hapo ikabidi tueleze.

Kuhusu kurudishiwa hela makala ikikataliwa: hapana. Hatuuzi kukubaliwa, na anayekuuzia hicho mkimbie. Tunachouza ni mswada usiorudishwa mlangoni kwa fomati, marejeleo au picha. Wahakiki wakisema hoja yako ni dhaifu, hoja ni yako. Tutakusaidia kusoma maoni yao ukiwa umetulia. Njoo siku ya pili, si siku ile ile.

Bei kama zilivyo ukutani: uhariri wa lugha Sh 3,000 kwa ukurasa, kupanga kwa mtindo wa jarida Sh 40,000, ruhusa za picha Sh 60,000 kwa picha zisizozidi tano, na zikizidi tunaongea. Najua yupo anayechapa kwa mia tano ukurasa hatua chache kutoka hapa. Anachapa vizuri, hata mimi nikizidiwa nampelekea kazi. Hasomi sera za jarida.

Kuanzia sasa hatupokei picha ya kinyago, ngoma au mtu bila kujua jina la fundi au mhusika na namna ya kumpata. Akiwa mtoto, tunataka mzazi. Ukiwa bado hujaenda uwandani ni vizuri zaidi: pita uchukue fomu zetu za Kiswahili, hizo hatuuzi, uzisomee wazee kwa sauti kabla hujatoa simu mfukoni. Ukirudi nazo zimesainiwa, mstari wa nne tunaufuta.

Makala ya mapiko ilitoka ikiwa na picha nne. Ya nne ni lipiko peke yake, limelazwa juu ya mkeka, halijavaliwa. Mzee alilitoa mwenyewe siku ile ile akamwambia kijana wetu apige. Mwalimu amenitumia kiungo cha makala na mkono wa asante. Salio lake la Sh 25,000 bado lipo kwenye daftari.