Kwa mpwa wangu: uungwana na imani

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Uliniambia juzi kwamba mtu akitimiza ahadi, akamlinda mnyonge na asimdhulumu aliye chini yake, hana haja tena ya dini. Najua hukusema hivyo kwa kiburi, maana ni wewe uliyemrudishia mteja fedha alizokutumia kimakosa kwenye simu kabla mwenyewe hajagundua, wala hukumtangazia mtu. Kwa hiyo nakujibu kwa heshima, na nitaanza na kisa kinachokuunga mkono.

Jeshi la Wakristo waliotawala Yerusalemu lilipovunjwa na Waislamu pale Hattin, huko Galilaya, Julai 1187, bwana mmoja wa kivita aitwaye Balian wa Ibelin aliponyoka hadi Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni, kisha akamwomba Sultani Salahuddin, aliyeshinda vita hivyo, ruhusa ya kwenda Yerusalemu kumchukua mkewe, Maria Komnene, na watoto wao. Sultani alimkubalia kwa sharti kwamba alale huko usiku mmoja tu na asishike silaha dhidi yake, naye akaapa. Wakristo wa zama hizo wanasimulia kwamba alipofika, watu wa mji walimsihi abaki awaongoze, na Patriaki Heraclius, mkuu wa kanisa mjini humo, akamfungua kiapo chake, akimwambia kuwa kukitimiza kungekuwa dhambi kubwa kuliko kukivunja. Simlaumu sana Patriaki, kwa kuwa mji ulikuwa umejaa wajane na wakimbizi wasio na mtetezi. Kinachonigusa ni kwamba Balian, hata baada ya kufunguliwa na mkuu wa dini yake, bado alijiona ana deni kwa mtu wa dini nyingine, akamwandikia kumweleza yaliyomfika. Na Sultani, badala ya kulipiza, akatoa askari wa kuisindikiza hadi Tripoli ya Lebanoni familia ya mtu aliyekuwa akijiandaa kupigana naye.

Utasema kwamba hapo uungwana ulisimama pale dini ilipoyumba, nami nakubali. Nakuongezea hata hili: mji huohuo ulipotekwa mwaka 1099, wapiganaji wa Msalaba waliwachinja wakazi, Waislamu na Wayahudi, kisha wakaenda kusali kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu. Ibada isiyo na uungwana inaweza kufika huko, na mtu wa dini yoyote asijidanganye kwamba kwao haiwezekani.

Lakini tazama uungwana wenyewe uliishia wapi. Pale Hattin, Salahuddin alimpa Guy, mfalme wa Yerusalemu aliyemteka, maji ya baridi ya kunywa kwa mkono wake, kisha akaamuru mateka wa Templa na wa Hospitali, watawa wapiganaji wa Kikristo, wauawe. Yerusalemu iliposalimu amri tarehe 2 Oktoba, fidia iliwekwa kuwa dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke na pungufu ya hapo kwa mtoto. Sultani na nduguye al-Adil waliwaachia huru wengi bila malipo, jambo ambalo hata adui zao walilisifu, ila maelfu waliokosa fedha walichukuliwa utumwani. Nampenda sultani huyu tangu utotoni, na bado siwezi kulipita hilo kimyakimya. Kanuni ya waungwana, kwake na kwa Balian, ilimwona kwanza mwenye cheo, mwenye jina, mwenye wa kumkomboa.

Utanikumbusha kwamba Salahuddin naye alikuwa muumini. Ni kweli, na ndiyo sababu sikuambii kwamba dini ni kinga. Ninachosema ni kwamba Sura ya Al-Israa, ile inayotuonya kwamba ahadi itaulizwa, inasema pia kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu, na haikutaja cheo wala dinari. Heshima yangu mbele ya watu ingeridhika na familia ya Balian kufika salama. Imani yangu hainiachi hapo. Inaniuliza kuhusu mwanamke aliyekosa dinari 5.

Utakapokuja Idi, tukae barazani unieleze: katika kanuni yako, ni nani anayemuulizia huyo?

Mjomba wako