Vijana wa kijiweni, mnaweka rehani namba zetu

Wanangu,

Juzi asubuhi, chai iko mkononi, simu yangu ikaita. Sauti ya binti, wala hakunisalimu. Akanitajia mwenzenu mmoja jina lake kamili, akasema mimi ndiye mdhamini wake, na deni lisipolipwa kabla ya saa nne nitaona. Nikaona kweli. Ikaja picha ya mwenzenu kashika kitambulisho chini ya kidevu, juu yake maandishi mekundu: MWIZI. Baadaye nikasikia picha hiyohiyo imefika kwa mama mkwe wake na kwa fundi wa pikipiki.

Sijamdhamini mtu. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake kwa sababu huwa namwita anipeleke kliniki, basi.

Jioni alikuja, tukakaa barazani, akanionyesha. Aliomba mkopo wa 50,000 kwenye programu ya simu. Zikaingia 38,000, nyingine wamezikata juu kwa juu wakaziita ada. Siku ya saba anatakiwa arudishe 50,000 kamili. Mimi nimeuza khanga miaka mingi, hesabu ya riba hainipigi chenga: hiyo ni 12,000 kwa wiki juu ya 38,000. Ukizungusha mara nne, mwezi haujaisha umeshawapa 48,000 za ada, na ulichokopa bado unadaiwa. Mmeipa jina wenyewe, kausha damu, na bado mnaipakua.

Sisemi msikope. Najua pikipiki nyingi hapo ni za mkataba, na mwenye chombo hataki kusikia habari ya mvua wala tairi, anataka hesabu yake jioni. Sisi nasi tulikopa, kwa daftari la dukani. Ila mwenye duka alikudai wewe. Akikasirika sana alikusema mbele ya wateja wawili watatu, kisha kesho anakupimia sukari.

Hawa wa simu kuna kitu wanakuomba kabla ya hela. Programu ikishafunguka inauliza: niruhusu kusoma majina kwenye simu yako? Mnabonyeza ndiyo bila kusoma, kwa kuwa tairi limepasuka na abiria wanapita. Hapo ndipo nilipogombana na mwenzenu, si kwenye deni. Deni ni lake. Namba yangu si yake, ya mama mkwe wake wala si yake, na hakutuuliza.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa hiyo kabla hujapakua, uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na ukidhalilishwa kwa picha usijifungie ndani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na tume yake ipo, inapokea malalamiko. Hifadhi ule ujumbe, usiufute kwa aibu. Wa kwangu sijaufuta, akitaka kwenda kulalamika nitamsindikiza.

Kikoba chetu cha mtaani riba yake ni 5,000 kwa kila 50,000 mwezi mzima, na siku ya kuvunja kikoba riba hiyo tunagawana wenyewe. Najua mnasema ni cha akina mama. Ni kweli, wao ndio wengi, na mweka hazina ni mkali kuliko yule binti wa simu, lakini yeye anakufuata mlangoni kwako, hapiti kwa mkweo. Nafasi zipo nne. Tunakaa Jumapili saa kumi, nyuma ya kwangu. Njooni na hisa ya kwanza, msije na maneno.

Na huyo mwenzenu, tangu siku ile akiniona anakata kona. Mwambieni sina neno naye. Kliniki yangu ni Alhamisi, na kofia yake ya pikipiki aliisahau barazani.

Babu yenu wa nyumba ya kona