Barua kwa mwanangu anayebuni ufalme wa kisiwani

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sote hapa nyumbani hatujambo, alhamdulillahi, na tunakuombea afya na utulivu katika masomo yako. Daftari lako la ufalme wa Usiwani lilinifikia Jumanne kwa mkono wa ami yako, na nimelisoma mara mbili: usiku ule ule, kwa furaha ya mama aonaye hati ya mwanawe, na asubuhi yake nikiwa na kalamu ya risasi mkononi, kama nilivyozoea kusahihisha madaftari ya historia skuli kwa miaka mingi. Uliniomba nikwambie bila kukuonea haya kama kisiwa chako kinaaminika. Nitakwambia, kwa sababu jambo hili nalipenda na kwa sababu naona riwaya yako inastahili.

Ramani umeichora vizuri. Nimeiona ngome ya kusini penye bandari, kasri lenye roshani tatu, na mwamba ulioutia nukta nukta za wino wa buluu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Kilichonisitisha ni ukurasa unaofuata, ulipochora mstari katikati ukaandika kushoto "wenyeji" na kulia "wakoloni". Kwa wenyeji umeweka uvuvi, minazi, ngoma na mizimu. Kwa wakoloni umeweka ngome, sheria, fedha na karafuu. Kisha ukaeleza kwamba mfalme wa asili alitawala, wageni wakaja, wakamwondoa, kikaanza kipindi cha pili. Mwanangu, umezaliwa Unguja, na Unguja haikuwa hivyo hata siku moja.

Seyyid Said, sultani wa Omani, alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati katika miaka ya 1830, hakukuta kiti kitupu, wala hakukiondoa alichokikuta. Mwinyi Mkuu, mtawala wa asili wa Unguja, alikuwepo, akaendelea kuwepo, na akajijengea kasri lake Dunga, katikati ya kisiwa, wakati Seyyid naye anajenga yake ufukweni. Wahadimu, wenyeji wa kisiwa hiki, walilipa kodi iliyokusanywa na masheha wa Mwinyi Mkuu, na sehemu ya kodi hiyo ikaenda kwa sultani. Kuanzia mwaka 1841 kukawa na kiti cha tatu, cha balozi mdogo wa Mwingereza, ambaye mwanzoni alikuja kama mgeni wa barazani. Mwinyi Mkuu aliyejenga Dunga alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed akafariki kwa ndui mwaka 1873. Hapo ndipo kiti cha Mwinyi Mkuu kilipokosa wa kukikalia. Ngoma na siwa zake, yaani pembe za kifalme, zilichukuliwa zikahifadhiwa makumbusho, lakini neno "sheha" halikuingia makumbusho. Unapotaka barua ya utambulisho leo unakwenda kwa sheha wa shehia yako, na unapobisha mlangoni kwake unatumia cheo kilichokuwepo kabla ya sultani yeyote wa Maskati. Katika daftari lako kila cheo cha zamani kinakufa siku wageni wanapoteremka jahazini. Viache baadhi viishi, na uonyeshe vilivyobadilika kazi.

Tazama na fedha ile waliyolipia. Riale iliyotumika hapa ilikuwa sarafu ya Austria yenye sura ya Maria Theresa, na kila moja imeandikwa mwaka 1780, hata zile zilizopigwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufa, kwa kuwa wafanyabiashara hawakuiamini yenye tarehe nyingine. Mvuvi wa Kizimkazi alimlipa sheha wake sarafu yenye uso wa mwanamke wa Ulaya asiyemjua, ili impate sultani aliyetoka Uarabuni. Hapo ingekulazimu kuiweka fedha katika safu ipi kati ya mbili zako?

Nikiruhusiwa kukuomba jambo moja tu katika barua hii, ni hili: kabla hujachora kiti cha mfalme, amua ardhi ya Usiwani ni ya nani na inapatikanaje. Umetumia kurasa sita kwa taji, mavazi na msafara wa Idi, na ardhi umeipa mistari miwili. Katika miji ya kusini, kwa watu wa mama yangu, kulikuwa na mvyale. Huyo ndiye aliyejua ardhi ilifyekwa kwanza na ukoo gani na mizimu yake iko wapi, na mgeni aliyetaka kulima alimwendea yeye kwanza. Kulikuwa na kiambo, ambacho ni cha ukoo na hakiuzwi kwa mtu wa nje, na kulikuwa na uwanda, ile nchi ya mawe ambayo mtu hulima kisha akaiacha ipumzike. Mti nao ulikuwa na mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, bibi yangu alinichukua hadi nyuma ya nyumba ya jirani, akaniwekea kiganja juu ya shina la mnazi mrefu, penye vikato vya wakwezi vilivyokwisha kulainika kwa miguu ya watu, akaniambia: "Huu ni wetu. Ardhi si yetu. Ukija kuangusha, bisha hodi." Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba siku ile nilisomeshwa sheria kamili, ambayo haikuandikwa na mkoloni wala na mfalme.

Karafuu ilipoingia mwanzoni mwa karne ya 19, ilitaka ardhi nyekundu yenye kina, na ardhi hiyo iko magharibi na katikati ya kisiwa. Mashamba makubwa yakaenea huko, na Wahadimu wakazidi kusogea mashariki na kusini, kwenye mawe. Mgawanyiko huo unauona hadi leo ukipanda gari kwenda Makunduchi: kijani kizito kinakuacha njiani, na vichaka vifupi vya uwandani vinaanza. Hakuna vita vilivyopigwa kuuweka mpaka huo. Watu walipanda miti inayoishi miaka mingi, kisha wakasema mwenye mti ndiye mwenye shamba, na ile desturi ya kubisha hodi ikasahauliwa na wale waliokuwa na nguvu ya kuisahau. Hili ndilo ningependa kulisoma katika Usiwani, kuliko tukio la mizinga ulilolipa sura nzima.

Mizinga najua umeitoa wapi. Tarehe 27 Agosti 1896 kasri la sultani la hapa lilipigwa na manowari za Waingereza kutoka baharini kwa muda usiotimia saa moja, na watu hupenda kuitaja kama vita vifupi kuliko vyote duniani. Waliouawa na kujeruhiwa walikuwa wapatao 500. Ukitaka kuandika tukio kama hilo, liandike kutoka kwa aliyekuwa ndani ya kasri la mbao na mawe, na kumbuka kwamba nchi ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya himaya ya Mwingereza tangu mwaka 1890.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Safu zako ni mbili, na mikarafuu ya Usiwani inazaa kila msimu, lakini hukuandika popote ni nani anayeichuma. Hapa kwetu walioichuma ni watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, na watoto wao waliozaliwa hapa wakaitwa wazalia. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na penye soko lile, Mkunazini, likajengwa kanisa. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897, na hata hapo aliyelipwa fidia alikuwa mwenye mtumwa. Watu hawa si wenyeji wala si wakoloni kwa jinsi ulivyopanga, nao ndio waliokuwa wengi katika mashamba. Bibi yako mzaa baba aliposema "sisi ni watu wa Bumbwini" alinyamaza hapo, na hakuna mtoto wake aliyethubutu kumuuliza kabla ya Bumbwini walikuwa wapi. Mimi nilimuuliza mara moja, nikiwa mkwe mgeni nisiyejua mipaka. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa akiimba wimbo wenye maneno yasiyokuwa ya Kiswahili, na kwamba alimkataza asiufuate. Kisha akaendelea kuchagua mchele. Nakuandikia haya kwa sababu ni damu yako, na kwa sababu ufalme usiokuwa na kaburi moja la watu hawa hautakuwa wa visiwa ninavyovijua.

Kuhusu lugha, nimefurahi sana kwamba umetunga maneno. Hata hivyo umeyamimina ya wageni kila mahali kwa kipimo kimoja, na lugha haifanyi hivyo. Wareno walikuwa na nguvu katika pwani hii kwa karibu miaka 200, na walichotuachia ni vitu vya kushika na kuonea: meza, bendera, leso, karata. Gereza lilikuwa jina lao la kanisa, likapewa ngome, kisha likabaki kuwa mahali pa kufungia watu. Hawakutuachia jina la jamaa hata moja. Waarabu waliooa hapa na kuzaa hapa waliingia hadi ndani ya nyumba, na ndiyo maana ndugu wa baba yako unamwita ami. Kwa hiyo, kabla hujatunga neno, jiulize kama wageni wa Usiwani waliishia bandarini au walikula daku pamoja na wenyeji.

Umeniuliza pia kama usome habari za visiwa vingine. Soma za Hawaii na za Tonga, na uzisome pamoja. Hawaii ilikuwa na wafalme wake yenyewe, waliojiundia bunge na katiba, wakaweka alama ya Uingereza katika bendera yao kwa hiari, na kasri lao la Iolani likawa na taa za umeme kabla ya Ikulu ya Marekani. Lakini mwaka 1848 ardhi yao iligawanywa kwa hati, mwaka 1850 wageni wakaruhusiwa kuinunua, na raia wa kawaida walipata chini ya asilimia moja yake. Wenye mashamba ya miwa na biashara walipompindua Malkia Liliʻuokalani tarehe 17 Januari 1893, wanajeshi wa Marekani wakiwa wamekwisha kuteremshwa Honolulu, mashamba yalikuwa yamekwisha kwenda zamani. Tonga nayo ilipokea wamisionari, makanisa na mavazi ya kigeni, ikawa chini ya himaya ya Mwingereza kuanzia mwaka 1900 hadi 1970. Ila katiba aliyoitoa mfalme wao mwaka 1875 ilikataza ardhi kuuzwa, na Tonga hadi leo ina mfalme. Sisemi kwamba ardhi ndiyo sababu peke yake. Nasema ukiwa na nafasi ya kubuni kifungu kimoja tu cha sheria za Usiwani, kibuni hicho cha ardhi.

Kasri lako lenye roshani tatu naliacha kama lilivyo, kwa kuwa nimetambua ulipolitoa. Wazee wa mjini husimulia kwamba Beit al-Ajaib, ile nyumba ya ajabu ya ufukweni mjini, iliyojengwa mwaka 1883, ilisimamishwa mahali palipokuwa na nyumba ya Malkia Fatuma, mtawala wa zamani wa Unguja, aliyewapelekea chakula Wareno walipozingirwa Mombasa, na baadaye akapelekwa uhamishoni Maskati. Kisha ikawa ya masultani, kisha ofisi za serikali ya Mwingereza, kisha makumbusho, na siku ya tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja ukaanguka. Umekwisha kuiona tangu ukiwa mtoto mgongoni mwangu. Kama utaweka katika Usiwani jengo moja lililopita mikono yote hiyo, na ukamwonyesha mfagizi wake akiwa wa ukoo ule ule wakati wenye nyumba wanabadilika, utakuwa umepata sura nzima bila kupiga mzinga hata mmoja.

Ami yako anarudi huko kwa boti ya Jumamosi asubuhi, naye atakuletea daftari pamoja na mkate wa mofa na kifurushi cha dagaa. Nimesahihisha tahajia peke yake, kwa kalamu ya risasi, ili uweze kufuta usipokubali. Ule mstari wa katikati wa ukurasa wa safu mbili sikuufuta, ni wako. Ila pembeni, chini ya neno "karafuu", nimeacha nafasi ya majina matatu ya wachumaji. Ukishayapata, na ukishajua walitoka wapi na nani aliwapa kiwanja cha kujenga, niandikie.

Wasalimie wenzako wote unaokaa nao. Usisahau kula asubuhi.

Mimi, mama yako akupendaye.