Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Madalali wa Minada ya Nyumba na Viwanja

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati ya Utendaji na ninyi nyote wanachama mliofika, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida za mwaka mnazijua na sitawachosha nazo. Tulikaa na maofisa mikopo wa mabenki, semina ya kodi ilifanyika, misiba ya wenzetu tuliihudhuria na rambirambi zilifika kwa wakati. Vijana wanaotafuta cheti cha udalali wa mahakama katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kama Kanuni za madalali wa mahakama za 2017 zinavyotaka, tuliwapa barua za utambulisho. Hayo yamepita salama.

Nije kwenye jambo lililozua maneno mwaka mzima, yaani uamuzi wa Kamati kwamba kila mwanachama anayepewa na benki kazi ya kuuza nyumba au kiwanja cha mdaiwa aliyeshindwa kulipa mkopo ajaze orodha ya ukaguzi kabla tangazo halijakwenda gazetini, aitembelee mali yenyewe kwa miguu yake, na baada ya mnada, uwe umefanikiwa au umekwama, ajaze fomu ya kurasa mbili na kuileta kwenye kikao cha mwezi. Wapo walioandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Mwenyekiti anataka kujua wateja wa watu. Wapo waliosema ninawafanya wazee wa kazi hii warudi shule. Wazo hilo nililipeleka mimi, Kamati ikaliafiki, na leo nalisimamia mbele yenu bila kuyumba.

Mtu anayenyoosha mkono kwenye mnada wetu hanunui kuta na bati tu. Ananunua uhakika kwamba hati itabadilishwa jina na kwamba hataamka asubuhi akute wakili mlangoni. Akikosa uhakika huo, anaipunguza bei kichwani kabla hajatamka chochote. Na bei ikishuka, sheria inaamka. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayowezekana, na mali ikiuzwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba wajibu huo haukutimizwa mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo hofu inaleta bei mbaya, bei mbaya inaleta kesi, na kesi inaleta hofu kwenye mnada unaofuata. Tumezunguka humo miaka mingi tukilaumu wadaiwa na mahakama.

Niwape mfano mmoja, bila jina la mtu wala la benki. Mwenzetu alipewa kazi ya kuuza nyumba Mbagala, Dar es Salaam. Tangazo lilitoka gazetini, siku 14 zikatimia, watu wakaja, mnunuzi akalipa asilimia 25 papo hapo na salio akalimaliza ndani ya muda. Alipofika kwa Msajili wa Hati akakwama. Tangazo lilisema Kitalu B, hati inasema Kitalu D. Gari la matangazo lilikuwa limezunguka mtaa wa pili kabisa. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka mnada wa ardhi utangazwe si chini ya siku 14, mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mauzo. Mahali penyewe hapakutangazwa. Wakili wa mdaiwa hakuhitaji hoja nyingine.

Faili hilo lilipoletwa kikaoni, hatukukaa kumlaumu mtu. Tuliuliza herufi hiyo ilitoka wapi. Tangazo lilichapwa kutoka barua ya benki, barua ikanakiliwa kutoka fomu ya maombi ya mkopo, na fomu iliandikwa kwa mkono na mtu ambaye D yake inafanana na B. Tangu siku hiyo orodha yetu ina kipengele kinachosema tangazo linasomwa kutoka nakala ya hati na upekuzi wa Msajili, yaani taarifa ya daftari lake kuhusu mali hiyo, watu wawili wakisomeana kwa sauti, mmoja ameshika hati na mwingine tangazo, kabla karatasi haijatoka ofisini. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Ndugu zangu, huko ndiko kuboresha kazi ninakokusema. Viwandani, tangu 2013, Wizara ya Viwanda na Biashara kwa kushirikiana na Japani imekuwa ikifundisha kaizen kwa namna hiyo hiyo: wanaofanya kazi ndio wanaoiona kasoro, wanarekebisha kidogo, kesho wanarekebisha tena, hawasubiri mtambo mpya.

Kuhusu kuitembelea mali, malalamiko yalikuwa kwamba ni kupoteza mafuta. Nilikwenda mwenyewe kwenye nyumba ambayo mdaiwa aliiapia benki kwamba hana mke. Tuliingia na mjumbe wa mtaa, tukamkuta mama anamnyonyesha mtoto barazani, na picha ya harusi imetundikwa ukutani juu ya televisheni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamlinda mwenzi kwenye nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ardhi nayo inadai ridhaa yake kwenye rehani. Tuliirudisha kazi benki na maelezo ya maandishi. Najua kuna aliyesema nilimkosesha mwanachama kamisheni. Kamisheni ya mnada unaobatilishwa inadaiwa irudishwe, na jina la dalali haliwi lile lile tena.

Kwa kujaza fomu tumejifunza pia jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Sura ya 227 inataka tangazo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na litolewe pia kwa njia ambayo asiyejua kusoma ataielewa. Wengi wetu tunapeleka spika saa nne asubuhi siku ya kazi, mtangazaji anasoma mbio namba za kiwanja, anaondoka. Wenye pesa ya kununua hawapo nyumbani saa hizo. Wanachama waliohamishia matangazo jioni karibu na soko na Jumamosi asubuhi, na kumwelekeza mtangazaji ataje alama ambayo kila mtu wa mtaa anaijua, wameleta taarifa kwamba watu waliosimama kwenye mnada ni wengi na wanapanda bei wenyewe. Hilo halikutoka kwa Mwenyekiti, lilitoka kwenye fomu za wanachama, nami nalisema kwa furaha.

Niwajibu wenye hoja. Fomu haina jina la mdaiwa, haina jina la benki, haina simu ya mnunuzi, kwa hiyo hakuna anayeibiwa mteja. Kuhusu kuchelewa, ilani ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi inampa mdaiwa siku 60 na tangazo lina siku zake 14, hivyo muda wa kukagua upo ndani ya sheria yenyewe. Ni kweli ipo benki iliyompa kazi mtu asiye mwanachama kwa sababu sisi tuliomba nakala ya hati kwanza. Ipo pia iliyorudi kwetu baada ya mnada wa huko kusimamishwa na zuio la mahakama. Na hoja kwamba jambo hili lilipaswa kuletwa kwenye Mkutano Mkuu naiheshimu, lakini katiba yetu inaipa Kamati mamlaka ya kuweka taratibu za kazi, na kikao cha kulijadili kiliitishwa kwa barua na kwa simu. Waliofika walikuwa kumi na mmoja. Akidi ilisubiriwa hadi chai ikapoa.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kundi la WhatsApp lina ujumbe usiku na mchana, ila kwenye vikao vya mwezi viti viko wazi. Wanachama watatu wanaopinga fomu kwa ukali zaidi hawajakanyaga kikao hata kimoja tangu fomu ianze, na wawili kati yao hawajalipa ada kwa miaka miwili. Siwataji. Nawaomba waje wapinge hapa, mbele ya wenzao, na faili mkononi.

Mahesabu, kama Mweka Hazina alivyoyaandaa. Tuna wanachama 63, ada ni shilingi 200,000 kwa mwaka, tulitarajia shilingi 12,600,000. Waliolipa ni 28, tumekusanya 5,600,000, tunadai 7,000,000 za mwaka huu pekee. Pango la ofisi 3,600,000, uchapishaji wa fomu na semina 1,150,000, rambirambi 500,000, mengineyo 210,000, jumla 5,460,000. Benki kuna salio la mwaka la shilingi 140,000. Kwa fedha hizo hatuwezi hata kumlipa wakili wa kusoma rasimu moja ya sheria. Fomu zilizorudi ni 46, minada 19 ilikamilika na 27 ilikwama, na zaidi ya nusu ya iliyokwama ilikwama kwa sababu zilizokuwa ndani ya faili tayari kabla tangazo halijaandikwa. Namba hiyo ya mwisho ndiyo naomba mwondoke nayo mkaijadili na wasaidizi wenu ofisini.

Kwa mwaka ujao, tunatarajia kuendelea na mazungumzo na mabenki ili nakala ya hati na ripoti ya uthamini ziambatane na barua ya kazi tangu siku ya kwanza. Tunaangalia uwezekano wa wanunuzi walioko mikoani kushiriki mnada kwa njia ya mtandao, fedha zikiruhusu. Ipo pia nia ya kupata ofisi ya kudumu, na mfuko wa mafunzo kwa wapiga mnada vijana. Yote hayo yatategemea ada.

Fomu mpya, iliyofupishwa kuwa ukurasa mmoja na nusu kutokana na maoni yenu, iko mezani kwa Katibu. Kila mmoja achukue nakala zake kabla hajatoka, na asaini daftari.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti