Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: wazee wasiofika dirishani

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa kuwa nimekuzidi umri, marahaba nimekwisha kuitikia. Tuingie kwenye kazi.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee la kata, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mmoja wa wachache huku milimani Usambara ambao mwisho wa mwezi simu yao inalia kwa pensheni. Si kubwa, lakini inaingia. Kwa hiyo sijaja kuomba la kwangu. Ninaowasemea ni wale ambao hawajawahi kukanyaga ofisini kwako na hawatakanyaga, maana miguu haiwafikishi hata kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Wiki chache zilizopita tulikaa na wajumbe tukaanza kuandika majina ya hao. Ndipo nikaona ni heri nikuandikie mbele ya watu wote, kwa sababu barua za ofisini tunajua zinakolala.

Nchi hii haijawasahau wazee kwenye karatasi. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na ndiyo inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikasema wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Sensa ya mwaka 2022 imetuhesabu tukafika asilimia 5.7 ya Watanzania wote, watu wapatao milioni tatu na nusu. Vitambulisho vya matibabu vimetolewa. Kituo cha afya kina dirisha letu, na juu yake limebandikwa tangazo la kuwataka vijana wampishe mzee kwanza. Silibezi dirisha hilo. Nimesimama pale mwenyewe nikapishwa, tena na kijana niliyemfundisha hesabu darasa la nne, na nikaondoka na dawa zangu kabla ya saa nne asubuhi.

Ila hebu tazama vitu vyote hivyo vinafanana katika nini. Vyote vinamsubiri mzee aje. Mwenye nguvu ya kufika ndiye anayehudumiwa, na aliyeshindwa kuinuka kitandani, ambaye ndiye mwenye shida hasa, hayumo hata kwenye takwimu zenu za mwezi, kwa kuwa daftari la kituo linaandika waliofika tu.

Nikupe mfano wa bibi mmoja wa kitongoji cha juu kabisa. Ana presha ya siku nyingi. Zahanati ya kijiji inampima vizuri, nesi anamwandikia, lakini dawa yenyewe hadi ashuke kituo cha afya. Bodaboda ni elfu nane kushuka na elfu nane kupanda. Mvua za masika zikianza, ule udongo mwekundu ukiteleza, dereva anasema kumi kumi na hana utani. Bibi hawezi kukaa peke yake kwenye pikipiki, kwa hiyo anawekwa katikati, mjukuu nyuma anamkumbatia asianguke. Mshikaki huo ni kosa barabarani, najua, lakini trafiki hapandi huku. Akifika, kumwona daktari ni bure, vipimo ni bure. Kufika ndiko kumemla elfu kumi na sita. Halafu pale dirishani anaambiwa dawa aina moja ipo ya wiki mbili tu, nyingine haipo, akanunue duka la dawa muhimu pale ng'ambo. Ile nauli ya kurudi ndiyo pesa pekee aliyobaki nayo.

Basi anarudi na karatasi ya vidonge, na kwa akili yake anavigawa: leo anameza, kesho anapumzika, ili vifike mwezi mwingine. Nilimkuta amevipanga kwenye kifuniko cha ndoo akivihesabu kwa kidole. Nikamwambia, mama, presha haipumziki. Akanijibu, "Mwalimu, na nauli je?"

Sikuwa na jibu, nawe ukiwa mkweli huna. Tunaowazika huku kwa kupooza upande mmoja, wengi wao walikuwa na kitambulisho cha matibabu ya bure mfukoni.

Sasa, sisemi ujenge hospitali kila kitongoji. Naomba kitu kidogo ambacho tayari mnakifanya, ila hamkifanyi kwa ajili yetu. Kila mwezi huduma ya mkoba inapanda huku kwa ajili ya watoto. Pikipiki au gari la idara ya afya linafika, mizani inatundikwa kwenye mti karibu na ofisi ya kijiji, akina mama wanapanga foleni na kadi, watoto wanachanjwa, wanapimwa uzito, jioni wataalamu wanashuka. Kazi nzuri na nasema hivyo bila kujipendekeza. Gari hilo lina mafuta yaliyokwisha kulipiwa na mtaalamu aliyekwisha kuandikiwa posho. Ongezeni humo kasha la dawa za presha na za sukari, kipimo cha presha na cha sukari ya kidoleni, na mtu mmoja wa kuandika. Mtoto wa miezi tisa na bibi yake wa miaka themanini wanatoka nyumba moja. Nusu ya wanaobebwa kwenye foleni ile wanaletwa na bibi zao, maana mama zao wako Tanga mjini au Dar es Salaam wanatafuta. Bibi anasimama pale saa tatu nzima kumpimisha mjukuu, hakuna anayemfunga kile kitambaa cha presha mkononi, kisha mwezi huohuo anatakiwa akodi pikipiki akapimwe.

Mganga Mkuu wa Wilaya atakueleza kuwa dawa haziletwi na gari, zinaletwa na maoteo, yaani makadirio ya mahitaji. Yuko sahihi, na hapo ndipo naomba ukaze. Kama wazee hawafiki kituoni, maoteo yanayopelekwa Bohari ya Dawa yanaonyesha kwamba kata yetu ina watu wachache wenye presha, dawa zinakuja chache, wachache wanaofika wanakosa, wanaacha kuja, mwaka unaofuata maoteo yanashuka tena. Hesabu inaanzia pabaya. Ihesabiwe nyumbani kwanza. Na Bohari wakikosa, utaratibu wa mshitiri, yaani kununua kwa msambazaji binafsi aliyeidhinishwa, upo, ila utumike mapema, si wakati stoo imekwisha kubaki maboksi.

Jambo jingine la hapohapo dirishani. Mgonjwa wa virusi vya UKIMWI ambaye hali yake imetulia anapewa dawa za miezi mitatu, hata sita, ili asisumbuke kila mwezi. Utaratibu huo umeokoa watu, na hakuna aliyesema wataziuza. Mzee ambaye presha yake imekaa sawa kwa nini apewe za wiki mbili?

Kuhusu nani atazunguka majumbani: Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watakapokuja kwetu, au wale wa zamani waliopo wakiongezewa mafunzo, naomba kwenye fomu zao pawepo na mzee. Leo mhudumu anaingia nyumba ana maswali ya mjamzito, ya mtoto chini ya miaka mitano, ya choo na ya chandarua. Anampita babu barazani, anamsalimia kwa adabu zote, anatoka. Hakuna safu ya kumwandika. Aulize tu mambo matatu: dawa zipo, umekula nini jana, nani analala nyumba hii usiku. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Tunao wazee wanaolala peke yao na mtoto wa miaka saba, na watu wanahesabu kwamba mzee "ana mtu".

Tena mhudumu akiwa anaingia mara kwa mara ataona lile ambalo familia zinalificha, nalo ni kusahau. Mzee anaanza kupotea njia ya kisimani, anamwita mwanawe jina la kaka yake aliyekufa, usiku anatoka nje anazungumza na watu wasioonekana. Kijijini jibu liko tayari midomoni: karogwa, au mbaya zaidi, yeye ndiye mchawi na mambo yamemgeukia. Nchi hii inajua jibu hilo linaishia wapi. Kule Kanda ya Ziwa akina bibi wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwetu hatujafika huko na sitaki tufike. Mtaalamu mmoja aliyekaa na familia nusu saa akawaambia huu ni ugonjwa wa uzee na una jina, anafanya kazi ambayo hotuba za viongozi hazijaiweza.

Kuna suala la umri pia, ambalo ungeweza kulimaliza kwa waraka wa ukurasa mmoja. Babu mmoja wa hapa kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa amezaliwa mwaka 1969. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978, alikuwa na watoto wawili, na mkubwa wao nilimwandikisha mimi darasa la kwanza. Kwa hesabu ya kitambulisho alipata mtoto kabla hajazaliwa, au karibu na hapo. Mtendaji alicheka, tukacheka wote, halafu akamwambia hawezi kumwingiza kwenye orodha ya wazee hadi arekebishe taarifa zake, aende wilayani, apate kiapo, arudi. Nauli ileile tena. Kurekebisha kitambulisho si kazi yako, naelewa. Orodha ya msamaha wa matibabu ni yako. Ruhusu basi uthibitisho wa mkutano wa kijiji na baraza la wazee utoshe. Sisi tunajua nani alicheza ngoma na nani.

Na vidole. Mtu aliyeshika jembe miaka sitini hana alama za vidole. Mashine ya kusajili laini ya simu inakataa, anaambiwa ajaribu kidole kingine, kinakataa nacho. Matokeo yake fedha za mzee kutoka TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, zinaingia kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa mtu mwingine. Wengine wana wajukuu waaminifu. Wengine hawana, na sitaandika zaidi kwa sababu wanasoma hapa.

Wenzangu katika mabaraza wamekuwa wakidai wazee waingizwe kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo leo inagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mimi sikubaliani nao na nimewaambia usoni. Fedha ile ni mkopo. Unamkopesha mzee wa miaka 78 afuge kuku, kideri kinapita, kisha mnamfuata alipe? Acheni mkopo kwa wenye nguvu ya kurejesha. Kuhusu pensheni kwa kila mzee, Zanzibar walianza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi, na dunia haikupasuka. Lakini hilo ni la Dodoma, wewe huna kalamu yake. Sitakupotezea muda.

Kilicho mikononi mwako ni kifungu kwenye bajeti ya halmashauri. Huwa kipo kifungu cha tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani: mahema, spika, maji ya chupa, posho za msafara, na sisi tunapewa kilo mbili za sukari na sabuni tukipiga picha na mgeni rasmi. Mwaka jana nilikuwa kwenye picha hiyo, safu ya mbele. Nilitazama wenzangu waliokuja, wote tuliokuwa pale tulipanda gari kwa miguu yetu. Mwaka huu naomba sherehe ifutwe katika kata yetu na fedha yake iwe ya kwanza kuingia kwenye kasha la dawa la mkoba. Baraza limekaa na kukubali, muhtasari tumeusaini. Sukari tutajinunulia.

Nimalizie na tarehe. Vijiji vinapitisha mipango yao kabla ya Kamati ya Maendeleo ya Kata kukaa, na baada ya hapo mambo yanapanda kwenye vikao vyako hadi Baraza la Madiwani, ambapo kitu kisichoandikwa hakipo. Namwomba Afisa Ustawi wa Jamii aje kwenye kikao chetu cha kata kinachofuata, aje na mtu wa idara ya afya. Siku hiyohiyo tutawapeleka nyumba tano. Ni kwa miguu, kwa hiyo waje na viatu vya kupandia mlima. Daftari la majina linakamilika. Vitongoji viwili ndivyo vimebaki. Nitawakabidhi nakala, na nyingine nitambakishia diwani, kwa sababu maofisa huhama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, Baraza la Wazee la Kata

Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri; Mganga Mkuu wa Wilaya; Mheshimiwa Diwani; mbao za matangazo za vijiji vyote vya kata.